Fundi wa Ekseli Nzima

Siku niliyomjua alipasua kioo cha kaunta yetu. Hakukusudia, ila hakuomba msamaha pia. Ilikuwa asubuhi, River Road, katikati ya Nairobi, wateja wamejaa dukani mpaka kwenye ngazi za kupandia lojingi ya wageni ya juu, naye akapita foleni nzima na kubwaga mbele yangu kipande cha chuma kikubwa kama ngumi mbili. Kioo kikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Akaniuliza, "Wewe huangalia kitu unauza, ama hayo macho ni ya kupamba uso?"

Nilikuwa nimetoka Kakamega miaka mitatu kabla, na kazi ya kuuza spea za magari ilikuwa imeshanizoesha matusi. Nilimwambia arudi nyuma ya foleni kama wengine. Nilidhani angenipiga. Badala yake alichukua chuma chake, akaenda kusimama nyuma ya watu kumi na mmoja, akangoja karibu saa nzima, na alipofika mbele tena akaniuliza swali lile lile kwa maneno yale yale.

Hasira yake haikupoa kwa kungojeshwa. Yangu pia haikupoa, na nadhani ndiyo sababu tulijuana kwa miaka kumi na mitatu. Nilimwita Fundi au Mzee, yeye akaniita dada. Kwa lafudhi ungejua ni mtu wa Ukambani, lakini sikuwahi kumwuliza kwao ni wapi, naye hakuwahi kuniuliza kwetu. Tulizungumza magari.

Gereji yake ilikuwa Kangemi, chini ya soko, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea mtoni. Uzio wa mabati, lango moja, nafasi ya magari manne. Alitengeneza kitu kimoja tu: miguu ya mbele ya magari yanayovutwa na magurudumu yote manne. Ukimletea breki za nyuma anakufukuza. Ukimletea injini anakuuliza kama hukusoma ubao pale nje. Ubao wenyewe ulikuwa na neno moja, MBELE, kwa rangi nyekundu, na watu wengi walidhani ni la kuwaelekeza waendelee na safari.

Asiyejua magari anivumilie kidogo, maana bila hili hatamwelewa. Magari ya aina hiyo huwa na miguu ya mbele ya namna mbili. Mengi ya zamani yana ekseli nzima, yaani boriti moja ya chuma kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Ya siku hizi, karibu yote, yana miguu huru: kila gurudumu limeshikwa na mikono yake ya chuma, linapanda na kushuka peke yake. Mjini watu hubishania mambo haya kama wanavyobishania mpira. Siku moja wateja wawili walikaribia kushikana mashati mbele ya kaunta yangu, mmoja akisema ekseli nzima ni chuma cha makumbusho, mwingine akisema miguu huru ni ya watu wanaoogopa matope.

Fundi alikuwa nyuma yao. Alitoka akaazima mpini wa jembe kwenye duka la vifaa la jirani, akaulaza mabegani mwao, mmoja huku na mwingine kule, akamwamuru yule wa kulia apande juu ya kiti chetu cha wateja. Alipopanda, mpini uliinama na uzito ukamlalia mwenzake.

"Hiyo ndiyo ekseli nzima," Fundi aliwaambia. "Huyu akipanda jiwe, yule anasukumwa chini, anashika mchanga. Hakuna mtu anaachwa hewani. Lakini pia ukimpiga huyu, yule anasikia."

Kisha akaondoa mpini, akatoa ndoo mbili za kupigia deki, kila mtu na yake, akawaambia watembee hadi mlangoni na kurudi. Sasa kila mmoja alitembea apendavyo. Akawaeleza kwamba hiyo ndiyo miguu huru: kwenye lami unakwenda kama umekalia kochi, kona unaikata vizuri, mgongo haukuumi, lakini kila mkono una vifundo vyake na kila kifundo kina siku yake ya kulegea. Mmoja wa wale wateja akauliza, basi, ni nani kati yao aliyesema kweli. Fundi akamtazama kama mtu aliyemkanyagia chakula. "Usiniambie gari ni gani," alisema. "Niambie inaenda wapi."

Hilo alilisema mara nyingi mno. Nililisikia likiambiwa wachungaji, wahandisi, afisa mmoja wa serikali aliyekuja na walinzi. Walichokuwa wakitaka wao ni gari refu kwenda juu. Wengi waliishi Lavington na Loresho, mitaa ya matajiri, na mlima mkubwa waliopanda kwa wiki ulikuwa tuta la barabarani mbele ya shule ya watoto wao, lakini walitaka ekseli kama ya lori la jeshi, taa nane juu, na springi zilizoinuliwa mpaka mke hawezi kupanda bila kuvua viatu. Fundi aliyaita magari ya harusi. Aliwafukuza wenyewe mchana kweupe, wengine wakiwa bado wamekalia usukani.

Waliopata heshima yake ni madereva waliokuja na vumbi jekundu masikioni. Palikuwa na mmoja aliyepeleka dawa za chanjo kaskazini, kwenye barabara ambayo mvua ikinyesha haipo tena. Fundi alikuwa akilala chini ya gari lake Jumapili baada ya ibada, na suti yake ya kanisani imening'inia kwenye msumari. Humo chini alikuwa mtu mwingine. Alikuwa akiongea na chuma kwa sauti ndogo, kwa lugha ya kwao, na mara mbili nilimsikia akiimba.

Hata hivyo gari lake mwenyewe lilikuwa pikapu ndogo ya miguu huru.

Watu walimcheka sana. Mtu aliyetukana nusu ya magari ya Nairobi kwa sababu ya miguu yao, jioni anafunga gereji na kupanda hiyo hiyo miguu. Nilipomwuliza aliniambia kwamba kutoka Kangemi hadi mjini ni lami tupu, na yeye si mjinga. Ukweli niliupata kwa mkewe, mama mnene mpole aliyeshona sare za shule. Alikuwa amepasuliwa uti wa mgongo, na baada ya hapo kila shimo la barabarani lilimtoa machozi. Fundi alikuwa na gari la ekseli nzima alilolijenga kwa mikono yake kwa miaka minne. Aliliuza wiki ile ile mama alipotoka hospitalini. Hakumwambia mkewe sababu. Alimwambia gari lilikuwa linakula mafuta, naye mama akajifanya ameamini.

Ningependa kusema kwamba nilimpenda kwa mambo kama hayo. Sikumpenda. Kwa miaka mingi nilimchukia, na sababu ninayo.

Alipopasua kioo chetu alikuwa ameleta boljointi, yaani kile kifundo kinachoushikanisha mkono wa chuma na gurudumu. Kikikatika, gurudumu linajikunja chini ya gari. Tulikuwa tumemwuzia bandia. Tangu siku hiyo alijitwika kazi ya kunifunza, bila mimi kumwomba. Kila Jumamosi mchana, nikipita kwa njia ya mtoni kwenda kwangu, chumba changu kikiwa juu kidogo ya soko, alinisimamisha langoni na kunikabidhi vifundo viwili, vyote vipya, vyote vinang'aa. Kimoja kilikuwa halisi na kingine bandia, na kazi yangu ilikuwa kusema ni kipi. Kwa miezi mingi nilikosea, naye akaniambia mbele ya watu kwamba hata mbuzi angebahatisha mara moja moja. Nililia nikipanda ule mlima zaidi ya mara moja. Nilirudi kwa sababu sikutaka anishinde.

Alinifundisha kukitia kifundo sikioni na kukizungusha polepole kwa vidole. Kilicho halisi hakisemi kitu, kinasikika kama kijiko kinachozunguka kwenye asali. Cha bandia kinasaga, kwa mbali sana, kama mchanga kati ya meno. Ikafika siku nikawa sikosei. Hakunisifu. Alisema tu, "Sasa unajua."

Hapo ndipo aliponiharibia maisha. Kabla yake nilikuwa muuzaji asiyejua, na asiyejua hulala vizuri. Baada yake kila nilipoteremsha boksi kutoka rafuni nilijua kilichomo. Nilijua pia maboksi yanatoka wapi, kwa sababu mimi ndiye niliyeyaleta. Yalichapishwa orofa ya tatu ya jengo lile lile, kwenye chumba kilichochapisha pia kadi za harusi na programu za mazishi. Bosi alinituma, nikapanda, nikarudi na karatasi ngumu zilizochapwa jina la kampuni ya ng'ambo, nikazikunja kuwa maboksi nyuma ya kaunta. Nilikuwa na kodi, na mama kijijini, na nilisema moyoni kwamba magari mengi huenda polepole.

Kisha akaja bwana mmoja wa Lavington mwenye biashara ya kuuza nyumba. Alimpelekea Fundi pikapu mpya ya miguu huru, akitaka iinuliwe. Fundi aliipandisha kwenye jeki, akaingia chini, akatoka akakataa. Alimweleza kwamba miguu ya namna ile ukiiinua hivyo, mikono na vifundo vinakaa upande na kubeba mzigo ambao havikuumbiwa, na kwamba gari linalotembea mjini tu halihitaji balaa hiyo. Yule bwana alisema ameona kwenye simu magari mengi yameinuliwa. Fundi akamwambia apeleke kwa hiyo simu imtengenezee, akashusha jeki.

Bwana akaenda kwenye gereji ya Westlands yenye sakafu ya vigae na kahawa kwa wateja. Mmoja wa mafundi wao alikuja dukani kwetu kuchukua boljointi nne. Alivaa shati jeupe, akanionyesha kwenye simu picha ya ile pikapu, tayari imeinuliwa, ili nimpe saizi yake. Niliteremsha boksi, nikatoa moja, nikaitia sikioni kwa mazoea tu. Ilisaga. Nyuma yangu bosi alikohoa. Nikairudisha kwenye boksi, nikaongeza nyingine tatu, nikamfungia kwenye karatasi.

Wiki ya tano baada ya hapo, Jumanne asubuhi, kifundo cha chini cha kulia kilichomoka pale magari yanapotoka Waiyaki Way kuingia Kangemi. Gurudumu lilijikunja, pikapu ikaenda ilikotaka, na ilikotaka ni pale wanapokaa wauza mboga. Mama mboga wangu, yule aliyenikatia sukuma wiki karibu kila siku na kuniwekea ndimu bila kuulizwa, alibanwa kwenye ukuta. Nyonga na mguu vilisagika. Aliishi. Nilipigiwa simu na jirani nikiwa kazini, na aliponitajia rangi ya gari na lilivyokuwa refu, nilikalia maboksi.

Yule bwana aliwaambia polisi gari lilitengenezwa Kangemi. Alikuwa na ushahidi: picha aliyojipiga siku ile Fundi alipokataa, akiwa amesimama kando ya gari likiwa juu ya jeki ya Fundi, nyuma yake ubao wenye neno jekundu. Gereji ya Westlands ilisema haijawahi kuliona gari hilo. Polisi wakamchukua Fundi, wakafunga lango lake kwa mnyororo.

Hakuna aliyemtetea. Alikuwa amewagombeza watu wote kwa miaka mingi, sasa wakapata nafasi. Wengine walisema alikuwa mlevi, mtu ambaye hata soda aliita uchafu. Wengine walitupa mawe kwenye mabati. Mkewe alimpelekea chakula kituoni siku tatu mfululizo, kwa miguu, na mgongo ule, kwa sababu hakujua kuendesha na hakuna jirani aliyejitolea kumwendeshea hiyo pikapu yao.

Alipotoka kwa dhamana alikuja River Road. Nilimwona mlangoni nikajua. Safari hii alishika foleni bila kuambiwa. Alipofika mbele alitoa kitambaa mfukoni, akakifunua juu ya kioo kipya. Ndani kulikuwa na kipande cha kile kifundo. Kilikuwa kimerukia mtaroni siku ya ajali, na muuza viatu mmoja alikiokota akampa, labda mtu pekee mtaani aliyemwamini.

"Dada," aliniuliza, "hii uliisikiza kabla ya kuiuza?"

Bosi alikuwa nyuma yangu. Wateja walikuwa wengi. Nilimtazama Fundi kifuani, kwenye kifungo cha shati, nikamjibu, "Mzee, sisi huuza vile tunaletewa."

Nilingoja apige kelele. Nilitaka apige kelele. Kama angenitukana mbele ya duka zima, kama angevunja kioo tena, ningepata la kumjibu, ningekasirika naye na mambo yangekwisha. Alitikisa kichwa mara moja kama mtu aliyeambiwa spea aliyoitaka haipo. Akakunja kitambaa chake akaondoka. Nilimkasirikia siku nzima. Nilijiuliza mtu aliyejua kugombana na kila mtu amewezaje kunyamaza siku ile moja.

Nilikwenda kumwona mama mboga hospitalini. Nilipeleka uji kwenye chupa. Alikuwa amelala na vyuma vimetoka mguuni, uso umevimba, lakini alinitambua na kuniuliza habari za kazi. Akasema ameambiwa ni yule mzee wa mabati aliyeharibu gari. Hakusema kwa chuki. Aliniuliza, "Atafungwa? Ana watoto?" Nilimwambia sijui. Akasema anamwombea, kwa sababu labda alikuwa na haraka siku hiyo, na watu wote huwa na haraka.

Nilitoka mle wodini bila hata kuichukua chupa yangu. Nimekasirika mara nyingi maishani, lakini hasira ile ilikuwa nyingine, ilikuwa na miguu. Asubuhi yake nilipanda orofa ya tatu kama kawaida, nikachukua karatasi ya maboksi ambayo haijakatwa, maboksi kumi na mawili yamepangwa kama stempu, jina la kampuni ya ng'ambo limekosewa herufi kwenye mstari wa pili. Sikuirudisha dukani. Niliikunja chini ya sweta pamoja na vifundo viwili nilivyokuwa nimevitoa rafuni, nikatembea hadi katikati ya jiji, kwenye ofisi ya wakili ambaye kanisa la mama mboga lilikuwa limemtafutia. Lifti ilikuwa imekufa. Nilipanda orofa saba. Nilipofika sikuweza kusema mpaka nikapewa maji, kisha nikasema yote, na jina langu, na kwamba yule fundi wa shati jeupe ningeweza kumtambua hata gizani.

Kortini wakili wa yule bwana wa Lavington alitaka kunionyesha kuwa mwongo. Aliniuliza muuza duka, tena asiyesomea uhandisi, angejuaje kifundo kizima na kibovu. Nikaomba nipewe viwili vilivyokuwa mezani. Nikavizungusha sikioni kimoja kimoja, nikasema ni kipi bandia. Walipovikata ikawa kweli. Wakili akaniuliza tena, polepole, akidhani amenikamata, "Kwa hivyo ulijua unachouza?"

"Nilijua," nilimwambia. "Fundi yule ndiye aliyenifundisha kujua."

Fundi alikuwa amekaa benchi la mbele. Hakuinua uso.

Mambo yaliishia hivi. Mashtaka ya Fundi yalifutwa. Mimi nilihojiwa siku mbili na kuambiwa nina bahati. Kazi ilikwisha, bila shaka. Duka letu lilifungwa mwezi mmoja, likafunguliwa tena milango miwili mbele kwa jina jingine, na rafu zile zile. Gereji ya vigae ilielewana na mama mboga nje ya korti, na bado wanatengeneza kahawa nzuri. Mama mboga anatembea kwa kushikilia fremu ya chuma, hawezi tena kukaa sokoni, na ukipita mlangoni kwake atakuuliza habari za kazi. Yule bwana niliwahi kumwona Westlands akishuka kutoka gari jipya, refu kuliko lile. Alishuka kwa kuruka.

Nikisimulia haya watu husubiri niseme Fundi alikuja kunishukuru. Hakuja. Hata salamu hakunipa. Siku moja tulikutana uso kwa uso kwenye kichochoro cha soko, chembamba hata mmoja wetu alilazimika kugeuka ubavu, akanipita kama anayepita nguzo ya stima. Nilikuwa sina kazi wakati huo, ninafua nguo za watu Loresho, na nilienda nyumbani nikaupiga mlango teke.

Mkewe ndiye aliyekuja. Alileta unga na kitambaa cha kanga, akakaa kitandani kwangu maana kiti ni kimoja, akasema mumewe hajui kusema mambo, hata kwake. Nilimwambia basi asilete zawadi kwa niaba yake. Akacheza na ncha ya kitambaa, kisha akaniambia alichokuwa amekisikia usiku mmoja. "Anasema ulikuja. Lakini anasema ulichelewa siku kumi na moja."

Nilihesabu baada ya yeye kuondoka. Tangu siku aliponiuliza pale kaunta mpaka siku nilipopanda zile orofa saba. Zilikuwa kumi na moja. Nilihesabu tena kwa vidole, nikitafuta hata siku moja ya kupunguza.

Nilimwona tena mwaka huu. Sasa nauza rangi na misumari kwenye duka la hapa hapa Kangemi, na ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, napita kwenda kumpelekea mteja brashi. Lango lilikuwa wazi. Nje, kwenye mawe, walikaa wanakwaya kama ishirini na mifuko yao, wamevaa fulana zinazofanana, wanajaribu wimbo. Ndani lilikuwa gari la kanisa lao, la zamani, la ekseli nzima, lile ambalo Fundi mwenyewe aliwatafutia miaka mingi iliyopita na kuwahakikishia lingewazika wote. Walikuwa waelekee magharibi kwa mkutano, wateremke ule mteremko mkali wa bonde hadi Mai Mahiu. Usukani ulikuwa umeanza kutetemeka, pasta akaona walipitishe kwa Fundi mara moja, kwa dakika kumi.

Fundi alikuwa amezeeka ghafla. Alisimama akishikilia gurudumu, akilipapasa tena na tena mahali pale pale. Aliniona langoni. "Dada," alisema, "kuja."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ya kaunta.

Aliniambia vidole vyake siku hizi havisikii kitu, na kwamba hataki jibu la kubahatisha. Nikaweka brashi chini, nikafunga sketi, nikaingia chini ya gari juu ya kadibodi. Aliniambia niweke kiganja mahali fulani, nyuma ya gurudumu, kwenye kile kichwa kikubwa cha chuma mwishoni mwa ekseli. Kisha yeye akalisukuma gurudumu juu na chini kwa uzito wa mwili wake wote. Nikasikia kishindo kidogo kwenye kiganja. Nikapangusa grisi kwa mkono. Palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, umezunguka nusu ya kichwa chote.

"Inacheza," nilimwambia nikiwa chini. "Na imepasuka."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mzee."

Pasta, mtu mnene mwenye simu mbili, alisema kwa upole kwamba watu wanangojewa, kwamba safari hii wameiombea wiki mbili. Fundi akamwambia gari haliendi. Pasta akauliza kama haliwezi kwenda polepole. Fundi akamwambia mteremko ule hautamwuliza mwendo. Hapo pasta akaudhika.

"Mzee, si ni wewe ulituambia ekseli nzima haifi?"

Nilikuwa nimetoka chini ya gari. Niliuona uso wa Fundi. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumrudishia maneno yake hivyo, na nilimngoja alipuke.

"Nilisema," alijibu. "Nilikosea. Hii imekufa."

Akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akautia kwenye mfuko wa ovaroli. Akatembea mpaka langoni, akalifunga kwa ndani, akalikalia tairi kuukuu mbele yake. Pasta alisema hilo ni gari la kanisa na ataita polisi. Wimbo ulikuwa umekatika kule nje.

"Waite," Fundi alisema. "Wananijua."

Polisi walifika karibu saa saba, Fundi akawafungulia lango na kulifunga tena nyuma yao. Afisa mmoja kijana alitaka kuanza na Fundi, lakini nilimwomba kwanza alale pale nilipokuwa nimelala, na nikamwonyesha pa kuweka kiganja. Alitoka akipangusa mikono. Alimwambia pasta awatafutie watu wake gari jingine. Wanakwaya wakaanza kupiga simu, wengine wamenuna, mama mmoja analia kwa sababu ya mkutano. Hakuna aliyesema asante. Nilikuwa nimechelewa kwa mteja wangu, nimejaa grisi mpaka shingoni, na bado nilikuwa nimekasirika na kila mtu.

Fundi alikuja akasimama mbele yangu na kunitazama juu mpaka chini.

"Umelala vibaya pale chini," alisema. "Mtu halali na kichwa mbele ya gurudumu. Ingekuua."

"Basi ungesema mapema, Mzee."

Alitoa kitambaa mfukoni, kama siku ile ya kaunta, akanipa nijifute.

"Hata wewe," alisema, akaenda kufungua lango.